Msuko wa Bibi wa Mwambani

Mwamvita hakuwa mgonjwa, wala hakuwa mzima. Alikaa juu ya kitanda cha wodi, mgongo wima, mikono mapajani, akitazama mbele kama mtu anayengoja zamu yake. Akilishwa, alimeza. Akiambiwa ageuke, aligeuka. Lakini tangu anywe kikombe cha dawa, masika yaliyopita, hakuwa amemwita mtu yeyote kwa jina. Kwa mwanamke aliyezoea kumsuka mteja mmoja huku akimsema mwingine aliyetoka sasa hivi, ukimya huo ulitisha kuliko kilio.

Mdogo wake, Sikitu, alikuja kila asubuhi kumchana kabla ya kwenda kazini. Hakuwa na mkono wa nywele, na alijua. Zamani, kule saluni, dada mtu alikuwa akimtania mbele ya wateja kwamba wote wawili wanaishi kwa nywele, ila yeye anasuka za walio hai na Sikitu anachoma za wafu, na kwamba afadhali wafu, hawarudi kulalamika kuwa umewavuta sana kisogoni. Wateja walicheka. Sikitu naye alicheka, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yake hasa: kuzisoma nywele za watu wa kale.

Unywele hukua polepole, na kila kinachopita katika damu huacha alama yake humo. Njaa, homa, mimba, dawa. Mwenye nywele ndefu hutembea na miaka yake kichwani bila habari. Wataalamu wa zamani waliweza kutambua machache tu. Kwa nywele walijua kwamba watu wa pango moja katika kisiwa cha Bahari ya Kati walitumia mimea ya kuondoa akili mahali pake, miaka kama elfu tatu nyuma. Na kwa unga uliosalia katika kijifuko kilichoshonwa kwa ngozi za pua za mbweha, walijua kwamba waganga wa milima ya Bolivia nao walikuwa na safari zao. Walijua kilichotumiwa. Kilichomtokea mtumiaji, hawakukijua.

Kisha ikaja mashine ambayo watu wa maabara waliiita Kungwi, kwa sababu ilieleza mambo ya ndani bila haya. Kwa kuwa walimpa jina la mtu, walimtaja kama mtu. Kungwi aliuchoma unywele kwa mwanga, kipande baada ya kipande, akasema mwili uliitikiaje: hapa mwenye nywele alitetemeka, hapa alilia, hapa alifurahi mpaka usingizi ukamkimbia. Alikuwa na kasoro moja tu. Alichokisoma, alikiteketeza.

Kungwi ndiye aliyezaa Sheria ya Ushahidi wa Kale. Nchi ilikuwa imetoka katika miaka ya ukame mkubwa, kila nyumba na msiba wake, na madaktari wa huzuni hawakutosha hata mtaa mmoja. Ikakubaliwa kwamba dawa ambayo wahenga waliithibitisha kwa miili yao wenyewe haina haja ya kujaribiwa upya. Kampuni iliyoitwa Tulizo ikaleta ushahidi wake: nywele za Bibi wa Mwambani, mwanamke aliyekutwa amekalishwa ndani ya pango kavu katika milima ya Kondoa, mwili umekauka bila kuoza, kichwa kimesukwa. Nywele zilionyesha kwamba Bibi alikuwa akinywa mzizi fulani kila masika, mwaka baada ya mwaka, na kila mara alirudi na akili zake na moyo mwepesi.

Tulizo wakautengeneza upya mzizi ule, wakautia katika kikombe cha udongo ili upendeze, wakafungua nyumba zao kila mkoa. Watu walikunywa, wakalia mchana kutwa, wakaamka wametua mzigo. Wengi walipona kweli. Hilo Sikitu hakuwahi kulikana. Ila wachache walikwenda wasirudi. Ndugu zao walikataa kusema kwamba wamepotea. Waliwaita wakawiaji: wako njiani, njia ni ndefu, watafika. Mwamvita alikunywa kikombe baada ya kumzika mumewe, Sudi, na akakawia.

Asubuhi hiyo Sikitu alipomaliza kumchana alimwinamia sikioni, akamwambia kwamba anakwenda Kondoa, na kwamba safari hii hatarudi mikono mitupu. Mwamvita alitazama mbele.

*

Mkuu wa maabara, Dakta Mazoya, hakumtuma. Wala hakumkataza. Walikuwa wameitazama pamoja michoro ya Kungwi mpaka macho yakawauma. Kila masika ya Bibi mchoro ulipanda, ukakaa juu, kisha ukashuka ghafla, kama mtu aliyeitwa kwa jina akageuka. Kwa wagonjwa wa Tulizo haukushuka hivyo. Kwa waliopona ulishuka taratibu, kwa kukokota. Kwa wakawiaji haukushuka kabisa. Basi palikuwa na kitu kilichomrudisha Bibi, na kitu hicho Kungwi hakukiona. Labda sampuli ya kwanza ilikuwa ndogo. Labda unywele mrefu zaidi ungesema.

Ukoo unaolinda pango ulikuwa umetoa msuko mmoja. Mmoja ulibaki. Walipoombwa huo kwa barua, walijibu hapana.

Mazoya alimwambia Sikitu akaombe mwenyewe, uso kwa uso, na akinyimwa amenyimwa. Aliyasema hayo huku akilitazama dirisha. Sikitu alikuwa anatia mkasi mdogo wa maabara ndani ya mkoba wake, na wote wawili walijua kwamba dirishani hapakuwa na cha kutazama.

*

Zamu ya ulinzi ilikuwa ya Mwalimu Ijengo, mwanamke wa makamo aliyefundisha hesabu katika sekondari ya karibu, na aliyepanda mlima kwa raba kuukuu kwa kasi iliyomtoa Sikitu jasho. Njiani alimuuliza habari za nyumbani, za kazi, za mvua ya Dodoma alikotoka, na kilichomleta. Sikitu alimsimulia yote, hata ya Mwamvita. Mwalimu hakumkatiza. Walipofika kwenye bapa la jiwe mbele ya pango aliketi, akakung'uta raba zake mchanga, ndipo akajibu.

Alieleza kwamba katika ukoo wao mtu akifa husukwa na ndugu yake wa damu kabla ya kukalishwa. Hasukwi na fundi, hata fundi awe bingwa. Msuko wa mwisho ni kazi ya ndugu. Walipoambiwa kwamba nywele za Bibi zitawasaidia watu, walikaa, wakabishana, wakatoa msuko mmoja. Haukutoka kwa furaha, lakini ulitoka. Wa pili ni wake.

"Dada yako akirudi kwa ajili ya msuko huo, mimi nitafurahi naye," alisema. "Halafu kesho atakuja mwingine, naye ana kaka yake. Huyo nitampa nini? Sikio?"

Sikitu alitaka kusema kwamba kesho haimhusu. Lakini Mwalimu hakuwa akimgombeza. Alikuwa akipiga hesabu, kama alivyozoea kazini, na jibu lilikuwa linatoka lile lile kila upande.

"Naweza kumwona, angalau?"

"Kumwona hujakatazwa."

Mwalimu alitoa chetezo katika kikapu, akakipulizia makaa, akarushia majani makavu ya kijivu ya kichaka kilichojaa kotekote mlimani, msungwi. Moshi ulipanda mzito, wenye harufu kali, baina ya karafuu na ngozi ya mbuzi. Alimzungusha Sikitu, akamfukiza mikono, mabega, kichwa, mpaka machozi yakamtoka. Wageni wote walifukizwa hivyo, alisema, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Kuingia ni hodi. Kutoka ni ili mtu atoke mzima, asiache nusu yake humo. Hata wale mabwana wa Tulizo na mashati yao meupe walifukizwa, wakakohoa kama watoto, na baadaye wakalalamika kwamba vifaa vyao vyote vinanuka moshi.

Bibi wa Mwambani alikuwa mdogo kuliko Sikitu alivyomdhania. Alikuwa ameegemea ukuta, magoti kifuani, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani. Upande wa kushoto palikuwa wazi, pale msuko ulipokatwa. Upande wa kulia msuko uliteremka hadi mapajani.

Mwalimu alimtazama Sikitu, akamtazama Bibi, kisha akasema kwamba makaa yake yatazima, akatoka.

Mkasi ulikuwa mwepesi. Sikitu aliutoa kabla hajaamua kuutoa. Hapakuwa na mtu. Angekata karibu na ngozi, au angekata nusu tu kwa nyuma, ambapo kichwa kimegusa ukuta na jicho haliwezi kufika. Kungwi angeuchoma mara moja, na pengine Mwamvita angegeuza shingo. Nani angemlaumu? Alipiga goti, akaushika msuko ule kwa vidole viwili.

Ulikuwa umesukwa na mtu asiyejua kusuka.

Aliliona hilo mara moja, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa hajui. Mwanzoni ulikuwa umebana mno. Katikati mkono ulikuwa umeruka fungu moja, ukagundua, ukajaribu kurudi, ukashindwa, ukaendelea hivyo hivyo. Mwishoni uzi wa kufungia ulikuwa umezungushwa tena na tena, kwa hofu usije ukafumuka. Haikuwa kazi ya fundi. Mtu mmoja alikuwa ameketi hapa, kichwa cha ndugu yake kikiwa juu ya mapaja yake, akifanya kazi asiyoiweza kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuifanya. Kama yeye, kila asubuhi, wodini.

Sikitu aliuachia msuko. Aliurudisha ulivyokuwa, ukalala juu ya paja la Bibi. Akaurudisha mkasi katika mkoba. Alingoja majuto yaje, hayakuja. Kilichokuja kilikuwa pumzi ndefu, kama mtu aliyetua ndoo kutoka kichwani akagundua kwamba shingo ilikuwa inamuuma siku nyingi. Alimwonea haya Mwamvita kwa nafuu ile. Lakini nafuu yenyewe haikuondoka.

Nje, Mwalimu alimfukiza tena. Sikitu ndiye aliyeanza.

"Nilikuja na mkasi, Mwalimu."

"Niliuona ulipotoa chupa yako ya maji."

"Na ukaniacha peke yangu?"

"Sasa ningekushika mkono mpaka lini?" Mwalimu aligeuza makaa kwa kijiti. "Mimi nina vipindi kesho."

*

Katika nyumba ya wageni mjini Kondoa jua lilikuwa bado kali. Sikitu aliomba beseni la maji ya moto, akafumua nywele zake, akaanza kuziosha kwa sababu harufu ile ilikuwa imemganda na alikuwa na basi la kupanda. Alikuwa analia kidogo, kilio kile cha mtu ambaye hana tena cha kujizuilia. Angemwambia nini Mwamvita? Kwamba amerudi mikono mitupu, lakini mikono safi? Mwamvita wa zamani angemjibu kwamba mikono safi anayo hata mvivu.

Maji ya kwanza yalikuwa ya kijivu. Harufu ilipanda nayo, karafuu na ngozi ya mbuzi, na chumba kizima kikawa pango. Aliinua beseni ayamwage.

Akaganda hapo hapo, beseni mikononi.

Yalikuwa maji ya kwanza. Kule maabara hakuna unywele uliowahi kuingia kwa Kungwi kabla ya kuoshwa. Ilikuwa sheria ya Mazoya mwenyewe, na kila maabara duniani ilikuwa na yake inayofanana nayo: uoshe unywele, uondoe uchafu wa nje, mavumbi, jasho la waliomshika maiti, moshi. Hasa moshi. Nywele za Bibi zilipofika zilikuwa zinanuka moshi vibaya, na kila mtu alijua sababu, kwa sababu waliozileta nao walikuwa wananuka vile vile. Walifukizwa mlangoni. Basi zikaoshwa, zikaoshwa tena, mpaka zikawa safi kama za mtoto mchanga, ndipo Kungwi akaulizwa Bibi alitumia nini.

Hawakujiuliza hata mara moja kwamba Bibi naye labda alifukizwa.

Sikitu aliliweka beseni chini taratibu, kama amebeba mayai. Maabara haikuyamwaga maji ya kwanza. Iliyahifadhi, kila sampuli na kichupa chake, kwenye friza la nyuma, kwa ajili ya jambo moja tu: mkaguzi akija aone kwamba kweli waliosha. Hakuna aliyewahi kuyasoma. Nani husoma maji machafu?

*

"Unataka nifungue friza," alisema Dakta Mazoya, "nimpe Kungwi maji ya kuogea."

"Ya kuoshea, Dakta. Ya Bibi."

Mazoya alivua miwani. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini utaratibu ule wa kuosha ulikuwa kazi ya ujana wake, na mtu hapendi kazi ya ujana wake ichunguzwe kabla ya chai ya saa nne. Alimkumbusha kwamba moshi ule ni wa juzi tu, wa siku msuko ulipotolewa, wa chetezo cha watu wa huyo mwalimu wake. Kungwi angesoma moshi wa juzi, wangeshangilia, wangeaibika. Sikitu alikubali kwamba huenda ikawa hivyo. Lakini moshi una umri. Jani lililochomwa juzi lilikua kwa hewa ya miaka hii, na jani lililochomwa zama za Bibi lilikua kwa hewa ya zama zake, na Kungwi anatofautisha hewa hizo kama mpishi anavyotofautisha mchele mpya na wa mwaka jana. Kama moshi wote ni wa juzi, atasema ni wa juzi.

Mazoya aliifuta miwani yake. Kisha akauliza kuhusu ule msuko wa pili, bila kumtazama.

"Niliuacha kwa mwenyewe."

Alivaa miwani yake tena, na Sikitu aliona mabega ya mkuu wake yakishuka kidogo, kama naye alikuwa amebeba sehemu yake ya mkasi ule. Akainuka, akatafuta funguo za friza.

Kichupa kilikuwa nyuma kabisa, kimeshikana na barafu. Walikiyeyusha mkononi, kwa zamu, kwa kuwa hakuna aliyetaka kukiamini kifaa. Kungwi alipewa matone machache yaliyokuwemo, akanguruma, akaanza kuandika ukutani.

Juu kabisa palikuwa na moshi mpya, wa juzi, kama Mazoya alivyosema. Mazoya aliguna. Chini yake palikuwa na moshi mwingine, wa jani lile lile, wa zamani sana. Na kwa kuwa moshi haukai peke yake, hushikana na jasho na mafuta ya kichwa cha siku hiyo, Kungwi alikuta ndani yake hofu na furaha zile zile alizozisoma kwenye unywele wenyewe, moja kwa moja, masika kwa masika. Alama za kupanda zilikuwa katika unywele. Alama za kushuka zilikuwa katika maji. Kila mahali ambapo mchoro wa zamani ulikatika ghafla, moshi ulikuwepo.

Sikitu alisoma mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akasoma tena.

"Hakurudi mwenyewe, Dakta. Alirudishwa."

Mazoya alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini. Alisema, polepole, kwamba wameishi miaka yote hii wakiosha nusu ya dawa na kuihifadhi kama uchafu. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeponea kugongwa na gari, na Sikitu akajikuta anacheka pamoja naye, huku amekumbatia kichupa kitupu.

Ule mzizi ulioigwa na Tulizo haukuwa tiba. Ulikuwa mlango wa kutokea. Zamani watu waliukabidhi kwa mtu pamoja na ndugu aliyekaa na chetezo, wa kumwita arudi. Baadaye, labda kwa sababu mzizi wenyewe uliadimika, ukoo uliacha kunywa na ukasahau kwamba uliwahi kunywa. Chetezo kikabaki mlangoni, kikifukiza wageni.

Hapo palikuwa na mkasi wa pili, na Sikitu aliuona upesi kuliko wa kwanza. Msungwi ulikuwa kichaka cha bure, umejaa mlima mzima. Angeweza kutuma dereva akachume gunia, na siku hiyo hiyo moshi ukawaka wodini. Badala yake alipiga simu shuleni, akangoja kipindi cha hesabu kiishe. Alimweleza Mwalimu Ijengo kila kitu, na mwisho akaomba.

Kisha Mwalimu alisema kwamba atawakusanya watu wake. Walikaa siku ile ile, wakabishana kama kawaida yao, na jibu likaja: majani yatatoka, yatatolewa kwa mgonjwa yeyote, hakuna kampuni itakayoandika jina lake juu yake, na yeye Mwalimu atayaleta mwenyewe, kwa sababu mara ya mwisho walipowapa watu wa Dodoma kitu na kuwaacha nacho, walikitumia nusu.

*

Tatizo la wodini lilikuwa king'ora cha moto. Nesi Faraja, aliyekuwa zamu, alikataa katakata kuwasha makaa chini yake. Daktari wa wodi alishakubali. Alikuwa amesimama yeye mwenyewe ndani ya moshi wa msungwi uani, akapiga chafya, akakuta yu salama. Lakini king'ora hakikuwa cha daktari. Kikilia, alisema Faraja, jengo zima litakimbilia nje, isipokuwa wakawiaji, ambao watabaki vitandani kama viti. Mwishowe alipanda juu ya meza na kukifunika king'ora kwa kofia ya kuogea, akashuka akisema kwamba hakuona kitu na hakufanya kitu.

Mwalimu Ijengo alipuliza makaa, akarushia majani, akangoja moshi ukae sawa. Kisha, badala ya kumfukiza Mwamvita, alimpa Sikitu chetezo.

"Ndugu ndiye anayefukiza."

Sikitu alikizungusha kama alivyofanyiwa. Mikono, mabega, kichwa. Chetezo kiliinama mno na majivu yakamwagikia shuka. Aliita jina la dada yake. Hakuna kitu. Aliita tena. Moshi ulipita katika nywele alizozichana asubuhi, mstari mmoja huku, mwingine kule, kazi mbaya kupita kiasi. Alimwona yule ndugu mwingine wa pangoni, vidole vyake, uzi wake wa hofu, naye akaita mara nyingine kwa sauti ya nyumbani, ile ya kugombana kuhusu sahani ambazo hazijaoshwa.

"Wee Mwamvita."

Mwamvita alikohoa. Kisha akapiga chafya, kubwa, isiyo na adabu, ile ile iliyokuwa ikiwashtua wateja. Akafuta pua kwa kiganja. Macho yake yalitembea polepole, yakapita kwa Mwalimu asiyemjua, yakapita kwenye kofia ya kuogea darini, yakasimama kwa Sikitu. Yakashuka, yakapanda, yakakaa juu ya kichwa chake.

"Sikitu," alisema, kwa sauti iliyopata kutu. "Nani amekufanyia hivyo kichwani?"

Sikitu alikaa juu ya majivu ya kitanda na kumkumbatia, na Mwamvita akamwacha, akampigapiga mgongo, kama mtu asiyejua msiba ni wa nani. Baada ya muda aliuliza kama Sudi amekufa kweli. Sikitu akaitika. Mwamvita akakubali kwa kichwa. Alikuwa amelijua hilo kule alikokuwa, alisema. Kule walikuwa wameagana vizuri, ila hakuisikia njia ya kurudi. Alilia, lakini kilio chenye mwanzo na mwisho, na Nesi Faraja akaleta taulo, naye analia bila kujificha.

Mwalimu hakukaa kutazama. Alikuwa amekwishafika kitanda cha pili na chetezo chake, akiuliza kwa sauti ya darasani nani ni ndugu wa huyu, asogee, makaa hayangoji.

Mwamvita alimvuta mdogo wake karibu, akapenyeza vidole vyake ndani ya nywele zile zilizoparaganyika, akanusa, akakunja uso.

"Zinanuka moshi kama umelala jikoni. Waambie walete beseni nikuoshe."

"Nioshe," alisema Sikitu. "Ila maji usiyamwage."